Safiyo Kwenye Rejista ya Profesa

Kila Jumanne saa nne asubuhi Profesa Thistlewood, aliyefariki miaka mia moja na kumi iliyopita, huingia Ukumbi wa Mashariki na joho lake na kufundisha Historia ya Chuo. Hakuna aliyewahi kumwandikia barua ya kumsimamisha, naye si mtu wa kuacha kazi bila barua. Wanafunzi humlalamikia jambo moja tu: haweki noti zake mtandaoni.

Anayemjua kuliko wote ni Safiyo, msafishaji, mkazi wa Sparkbrook, mtaa mmoja huko Uingereza, mzaliwa wa Garissa. Profesa hudondosha vumbi akizungumza, hasa akifika karne ya kumi na nane, kwa hiyo ofisi ilimpanga Safiyo akae mstari wa nyuma na ufagio mpaka kipindi kiishe. Siku ya kwanza, Profesa alipokuwa akiita majina, kidole chake kilimwangukia. Mtu aliyesoma shule ya msingi Garissa akinyooshewa kidole na mwalimu hana ujanja. Safiyo akasimama wima, ufagio ubavuni, akataja jina lake na kusema, "Present, sir." Akaandikwa.

Miaka mitatu hakukosa hata Jumanne moja. Wanafunzi wenyewe walikuja wakikumbuka. Alijifunza kwamba mwanzilishi wa chuo alitajirika kwa kutengeneza vifungo vya makoti. Kwenye mtihani akauliza vile vyuma vingine katika picha ya mzee huyo, vinavyofanana na pingu, vilikuwa vya koti gani. Profesa alikohoa vumbi la ndoo nzima, kisha akampa alama themanini na moja.

Sasa, kanuni ya chuo, kongwe kuliko paa lake, inasema kwamba aliyeitikia jina miaka mitatu na kufaulu atapewa shahada. Safiyo akaikwapua rejista, akapanda ngazi. Peninah, msafishaji mwenzake, alikuwa akipiga deki katikati ya ngazi.

"Wewe na degree? Utaitundika wapi, kwa ndoo?"

"Kwa ofisi yangu. Utakuja kunifagilia."

"Haya, Daktari wa Mop. Usinikanyagie hapo, ni maji."

Msajili, Bi Kulwant, Singasinga wa Kisumu, aliisoma rejista ukurasa kwa ukurasa.

"Safiyo, mama, hii sahihi ya Profesa iko sawa kabisa. Shida ni wewe. Ulikuwa on duty."

"Lakini nilikuwa darasani."

"Ulikuwa darasani kama cleaner. Mtu hawezi kuwa mahali pawili wakati mmoja."

"Na yeye? Si yuko makaburini na yuko darasani?"

Bi Kulwant alitafakari. Lilikuwa swali la haki.

"Yeye," akasema, "ni permanent and pensionable."

Siku ya mahafali Safiyo alipangiwa kufagia ukumbi. Alisimama kando ya mlango wakati Profesa akisoma majina kutoka rejista yake, maana orodha ya ofisi haiamini. Alipofika kwenye S, akamwita. Safiyo aliitika kabla hajajizuia.

"Present, sir."

Akapanda jukwaani na ufagio wake. Wazazi wakapiga makofi, wengine wakapiga picha. Kwenye meza hapakuwa na cheti chake. Profesa akatazama chini ya meza, akatazama mifukoni, mwishowe akavua joho lake akamvika. Lilimkaa sawasawa mabegani. Safiyo akashuka akitembea polepole, kichwa juu, hatua kumi na mbili, alizihesabu. Ya kumi na tatu, joho lote likawa vumbi likamwagika sakafuni.

Msajili akaendelea kupeana mikono. Zamu ilikuwa bado na saa mbili, kwa hiyo Safiyo akainama akaanza kufagia. Peninah akaja akamshikia kizoleo bila kuambiwa.

"Hongera, Daktari," akasema. "Lakini pale kwa kona umeacha."