Kengele ya Papa Asumani

Jumatatu asubuhi, Rachidi aliilaza pikipiki yake ubavuni mbele ya meza ya mama Berthe, akahesabu hadi ishirini, kisha akaiinua. Hiyo ni dawa wanayoijua waendesha pikipiki wote wa mtaa wa Mangobo: matone ya petroli yaliyojificha upande wa pili wa tangi huhama, na ukibahatika unapata kilomita mbili za bure. Mama Berthe alikuwa kadhafi, yaani muuzaji wa petroli ya chupa kando ya barabara, na alimtazama bila kinyongo. Wiki iliyopita lita ilikuwa franka elfu nne. Asubuhi ile kibao chake kilisema elfu sita.

"Kwa nini tena?" Rachidi aliuliza.

"Radio inasema mai ya muto imepunguka. Bateau za petroli haziwezi kupanda."

"Mwezi ile balisema mai imejaa sana."

"Bon. Mai ikijaa, bei inapanda. Mai ikikauka, bei inapanda. Utachukua ao hautachukua?"

Rachidi hakuchukua. Alimpakia mteja wake wa kila siku, Marie-Jeanne, muuguzi wa zahanati iliyo ng'ambo ya daraja la mto Tshopo, wakaondoka. Mteremko wa kwenda darajani ulipoanza alizima injini, kama wanavyofanya wote siku hizi, ili pikipiki ishuke yenyewe. Chini kabisa mbuzi alikuwa amesimama katikati ya barabara. Honi ilikuwa imekufa tangu Ramadhani, kwa hiyo Rachidi alipiga kengele ya baiskeli aliyokuwa ameifunga kwenye usukani, ukumbusho wa marehemu baba yake. Mbuzi hakusogea. Akapiga tena. Alipopiga mara ya tatu, mbuzi aliondoka, tena bila haraka.

Kosa lilifanyika hapo, na halikuwa la mbuzi.

Baba yake Rachidi, papa Asumani, alikuwa mtu wa toleka, teksi ya baiskeli. Kabla pikipiki hazijajaa, mji mzima wa Kisangani ulibebwa kwenye viti vya sponji nyuma ya baiskeli hizo, na papa Asumani alibeba sehemu yake kwa miaka ishirini na miwili. Watu wa toleka walikuwa na sheria zao. Kengele moja ilikuwa ya kumwonya mpita njia. Mbili zilikuwa salamu. Tatu zilikuwa mwito: mwenzenu yuko mlimani na mzigo umemzidi, anayesikia aje asukume. Hakuna mtu wa toleka aliyewahi kuukataa mwito huo. Sheria nyingine ilisema kwamba abiria hashuki. Aliyelipa amelipa kukaa, mlima uwe mkali namna gani. Papa Asumani alifia katika sheria hiyo miaka kumi na mmoja iliyopita, kwenye mlima wa ng'ambo ya daraja, akiwa amempakia fundi cherehani pamoja na cherehani yake. Fundi hakushuka mpaka baiskeli ilipoanguka.

Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amemnunulia Rachidi pikipiki. "Mimi nilipiga pedale ili wewe usipige," alimwambia, na hakurudia tena maneno hayo, maana hakuwa mtu wa kurudia.

Basi walivuka daraja, mlima ukaanza, Rachidi akajaribu kuwasha na tangi halikuwa na hata harufu. Alipoweka mguu chini ili ashuke, pikipiki ilianza kupanda. Aliangalia kwenye kioo. Aliona sanda iliyofungwa kiunoni kama mtu anayetaka kulima, na mikono miwili aliyoijua imeshika chuma cha nyuma.

"Bonjour, papa," alisema Marie-Jeanne.

"Bonjour, mama. Ikala muzuri," alijibiwa, yaani akae vizuri, asishuke.

Juu ya mlima, karibu na makaburi ya Waislamu, Rachidi alisimama, akamwamkia baba yake kwa mikono miwili.

"Asalaam aleikum, papa."

"Aleikum salaam. Ulipiga tatu. Donc nikakuya."

Rachidi alitaka kumwambia habari ya mbuzi. Lakini mlima ulikuwa umepandwa, Marie-Jeanne alikuwa amewahi kazini, na tangi lilikuwa bado tupu. Alinyamaza. Kunyamaza huko kulimwumiza kuliko yote yaliyofuata, na alikiri hivyo mwenyewe.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo tunavyosema. Papa Asumani alipewa jembe siku ya kwanza. Alisukuma hadi soko kuu, akasukuma hadi uwanja wa ndege na kurudi, akasukuma mifuko mitatu ya makaa na mama mmoja mnene aliyekuwa akigombana kwa simu njia nzima. Jioni walifika nyumbani. Mjane wake, mama Zaina, alimwekea maji ya kunawa miguu na sahani ya lituma yenye pilipili. Papa Asumani hakula, kwa sababu wafu hawali, ila aliinama akanusa kwa muda mrefu ndizi zile zilizopondwa, akasema mkono wa Zaina haujabadilika. Kisha akarudi kwake makaburini kwa miguu kabla ya magharibi. Kuanzia kesho yake Rachidi alipiga kengele tatu kila asubuhi, bila mbuzi.

Mambo kama haya hayafichiki Mangobo. Mwisho wa wiki Djuma, aliyekuwa akiegesha pikipiki yake pamoja na Rachidi, alipekua chini ya kitanda cha shangazi yake akapata kengele ya babu yake. Babu alikuja. Wengine nao wakapekua. Kila marehemu aliijua kengele yake, na kila aliyeitwa alikuja na sanda yake, isipokuwa Wakristo, ambao walikuja na suti. Mahmoudi, mwendesha pikipiki mwingine, hakuwa na mtu wa toleka katika ukoo wake, akanunua kengele kuukuu sokoni, akapata mzee asiyemjua kutoka Opala ambaye alisukuma vizuri lakini kila njia panda aliuliza wanapita wapi. Mama Berthe aliona chupa zake zinapigwa jua bila mnunuzi, akaanza kuuza kengele mezani, kando ya petroli.

Petroli haikushuka bei. Ilifika elfu saba, kwa sababu, radio ilieleza, wateja wamepungua.

Mwezi wa pili tangu kengele zianze, Ofisi ya Nauli ilitoa tangazo. Kwa kuwa waendesha pikipiki hawatumii tena petroli, nauli ilikatwa nusu. Kwa kuwa barabara zina wafanyakazi wengi wasioandikishwa, kila anayesukuma atavaa fulana ya rangi ya chungwa yenye namba, na fulana itanunuliwa na mwenye pikipiki. Papa Asumani alipewa namba 114. Aliivaa juu ya sanda. Alisema enzi zao hawakuwa na kitu kizuri namna hiyo.

Aliyeona kwanza alikuwa mama Zaina, maana ndiye aliyekuwa akiweka maji ya miguu. Jioni moja alimvuta Rachidi nyuma ya nyumba, karibu na jiko.

"Visigino vya papa yako vimekwisha."

"Vimekwisha namna gani, mama?"

"Vimekwisha. Kama sabuni. Tulimuzika na miguu mbili muzima, niliiosha na mikono yangu. Leo nimeosha nini? Nimeosha mifupa ya mbele tu."

Rachidi alikwenda akaangalia. Ni kweli. Wafu hawali, na asiyekula hana cha kurudisha kilichopungua. Papa Asumani alikuwa amekaa kwenye kigoda anatazama kuku, fulana imekunjwa vizuri magotini, na hakulalamika lolote. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa miezi miwili Rachidi alikuwa amekaa juu ya pikipiki akidhani mlima umekuwa mwepesi.

Alijaribu kurudi kwenye petroli. Kwa nauli ile ya nusu, safari tatu za mjini hazikununua lita moja. Akajaribu kumpumzisha baba yake siku moja moja, akakosa pesa ya unga Jumatano, na Alhamisi akapiga kengele. Baada ya wiki tatu papa Asumani aliisha hadi kwenye magoti. Alisukuma hivyo hivyo, akijikokota, mikono ikiwa na nguvu zilezile, na fulana ikiburuzika kwenye lami. Abiria waliendelea kumsalimia. Mmoja alimsifu.

Siku hiyo, baada ya sala ya alasiri, Rachidi alichukua bisibisi, akaifungua kengele kutoka kwenye usukani mbele ya baba yake.

"Papa, ile siku ya kwanza sikukuita. Kulikuwa mbuzi."

Papa Asumani alifikiri.

"Mbuzi ya nani?"

"Sijue. Mbuzi tu. Nilipaswa kukuambia palepale. Mulima ulikuwa umepandwa, nikanyamaza. Unisamehe."

"Bon," alisema papa Asumani. "Nilifurahi kukuona."

Rachidi alilia, na baba yake akangoja amalize, kama alivyokuwa akingoja zamani Rachidi alipokuwa mtoto. Kisha akasema kwamba angependa kwenda kulala, ila hakuwa na cha kutembelea.

Rachidi alimbeba, akamkalisha kwenye kiti cha nyuma. Mama Zaina alimfunga kwa kitenge chake cha harusi ili asianguke, akamwambia amsalimie huko marehemu dada yake mkubwa, wakaagana. Tangi lilikuwa tupu. Rachidi alishika usukani kwa mkono mmoja, chuma cha nyuma kwa mwingine, akasukuma kutoka Mangobo hadi mteremkoni, akashuka na kuvuka daraja. Mlima ulianza. Alikuwa na miaka thelathini na nne, na hakuwahi kujua kwamba ule mlima una sehemu tatu, na kwamba ya katikati ndiyo mbaya. Hapo katikati pumzi ilimkata. Alihisi pikipiki inatikisika. Baba yake alikuwa anafungua kitenge.

"Niache nikusaidie kidogo. Hapa ni pabaya, mimi napajua."

"Papa, ikala."

"Kidogo tu."

"Ikala, papa. Client hashukake."

Papa Asumani alifunga tena kitenge. Sheria ilikuwa yake mwenyewe, abiria hashuki. Alikaa wima mpaka juu, mikono juu ya mapaja, akiangalia mto na mitumbwi na paa za mabati, mambo ambayo kwa miaka ishirini na miwili aliyapita ameinamia usukani na hakupata nafasi ya kuyaona. Makaburini Rachidi alimlaza mahali pake. Kengele aliiweka kando yake, ulimi wake umefungwa kwa kitambaa ili isilie. Fulana alirudi nayo, kwa sababu ilikuwa ya kununua.

Kesho yake kibao cha mama Berthe kilisema elfu saba na mia tano. Rachidi alinunua chupa ndogo ya soda iliyojaa nusu. Ilimfikisha yeye na Marie-Jeanne darajani. Ng'ambo, mlima ulipoanza, injini ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Rachidi alishuka, akavaa fulana ya chungwa ili asikamatwe, akazunguka nyuma.

"Papa yako iko wapi?" Marie-Jeanne aliuliza.

"Amepumzika."

"Alhamdulillahi." Marie-Jeanne ni Mkatoliki, lakini neno lenyewe ndilo lililofaa. Alishusha mguu mmoja. "Ngoja basi nishuke, nitembee."

"Hapana, mama. Ikala muzuri."

Akakaa. Katika sehemu ya katikati, ile mbaya, alikuwa amesimama mtu wa Ofisi ya Nauli chini ya mwavuli na daftari lake. Aliangalia pikipiki, akaangalia mikono ya Rachidi kwenye chuma cha nyuma, akasoma fulana. Akaandika: namba 114, marehemu, yuko kazini. Kisha akawapisha, na Rachidi, ambaye hakuwa na pumzi ya kubishana, aliendelea kusukuma.