Gari Kwenye Mteremko wa Otilia

Mimi nimembeba mwanangu Otilia miaka ishirini na minne. Nimembeba kwenda kliniki, shuleni, Komunyo ya Kwanza, hata Kipaimara. Polio ilichukua miguu, ulimi ikamwachia, na ulimi huo kaurithi kwangu. Wiki ya ndoa yake akaniambia, "Mama, safari hii sibebwi. Nataka Methodi anione naingia kwa mikono yangu mwenyewe."

Nilikubali. Baba Paroko alikuwa amejengesha mteremko wa saruji mlango wa pembeni wa kanisa, ili baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, ipande. Ukutani kaandika kwa rangi nyekundu: NJIA YA WALEMAVU, USIEGESHE GARI.

Jumamosi saa nne kasoro tunafika, nini kimekaa juu ya mteremko? Pikapu ya Raimundi, mnunuzi wa kahawa. Ilikuwa mwaka tisini na sita, wanunuzi binafsi wamejaa Mbinga, kila mmoja anatembea kana kwamba mibuni kaipanda yeye. Kaona kivuli, kaegesha, kaenda kunywa chai.

Nikamfuata hotelini. Anamega chapati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Katoe gari lako, bibi harusi apite."

"Namalizia chai, mama. Kwani hamna watu wa kumbeba? Ngazi zenyewe saba tu."

Ningekuwa sijavaa kitenge cha harusi, ile chai ningemwogesha nayo.

Nikarudi mikono mitupu. Baba Paroko alikuwa anatazama saa, maana alitakiwa Mpepai kwa Misa nyingine. "Mama Otilia, nawapa dakika kumi. Gari lisipotoka, itabidi abebwe." Otilia akageuza baiskeli, akaipa pikapu mgongo. Mwanangu akigeuza mgongo, ujue kaumia.

Ndipo akatokea Mzee Xavery, mgeni wetu, gunia la kahawa begani. Alitaka kuliuza kwanza ndipo aingie Misa. Sasa siku zile, gari la mnunuzi likisimama mahali, basi hapo ni kituo cha kuuzia kahawa. Tulishawahi kupanga foleni mbele ya nyumba ya msiba. Mzee akaiona pikapu, akatua gunia nyuma yake, akalikalia. Mama mmoja akamwona, akamtuma shemejiye nyumbani mbio. Kufumba na kufumbua magunia yamefika ishirini, watu wanagombea nafasi, na Baba Paroko anauliza kama hii ni ndoa au mnada.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niwatimue. Nikaufunga, jambo ambalo mume wangu mpaka leo haamini.

Raimundi akaja anakimbia, mdomo unang'aa mafuta. "Jamani, hapa sinunui. Sina mizani, sina kibali cha hapa. Mtanifungisha."

"Sasa gari linafanya nini hapa?" akauliza Mzee Xavery.

"Nimeegesha tu, mzee."

Mzee akasoma maandishi ya ukutani polepole, neno moja moja, kwa sauti. Kisha akageuka, akamwona Otilia na shela lake juu ya baiskeli. Akanyanyuka, akabeba gunia lake. Hakuna aliyeamrishwa, wote wakashika, magunia yakahamishwa kama tuko kwenye ngokela, ile kazi ya pamoja shambani kwa jirani.

Raimundi akamsogelea mwanangu. "Dada, nisamehe."

"Toa gari kwanza," Otilia akasema. "Msamaha nitakupa kwenye pilau."

Watu wakacheka, na yeye akacheka huku anatafuta funguo.

Njia ikawa nyeupe. Otilia akazungusha. Katikati ya mteremko baiskeli ikasita, nami nikajikuta nimeinama, mikono imeshafika kwapani mwake.

"Mama," akasema taratibu, "niache."

Nikamwacha. Akavuta pumzi, akazungusha tena, akapanda, akaingia. Ndani nikamsikia Methodi akicheka kwa furaha, mbele ya altare, bila aibu yoyote. Mimi nilibaki pale mlangoni, sijui mikono yangu niiweke wapi. Nikaitumia kupiga makofi.