Mlango wa Mama, Mara ya Saba

"Kata!" Mwongozaji alifoka kwa mara ya sita. "Fungua huo mlango, kaka! Unasubiri nini?"

Randa alikuwa amesimama wima mbele ya mlango, mikono nyuma, vilevile alivyosimama miaka tisa gerezani. Kule mfungwa hagusi mlango. Anasimama, askari anafungua. Ameachiwa miezi mitatu sasa, lakini mwili wake bado haujapata habari.

Filamu yenyewe, Randa akiigiza mfungwa anayerudi kwa mama yake, ni ya kuungaunga: kamera ni simu iliyofungwa kwenye mpini wa ufagio, taa ni balbu ndani ya ndoo, na mama wa mfungwa anaigizwa na shangazi yake Mwongozaji, ambaye tangu asubuhi analalamikia magoti. Nyumba ya kurekodia hawakuwa nayo, wakaomba ya mama mzazi wa Randa. Mama akakubali, akajifungia chumbani.

Hapo ndipo roho ilipomuuma Randa. Siku aliyotoka gerezani alikuja hapahapa, akasimama saa nzima, asifunguliwe. Akaondoka kwa hasira: mama amenikana! Tangu hapo analala karakana, kwenye maranda ya mbao. Upuuzi huu wa kuigiza aliukubali kwa sababu moja tu, amwone mama.

"Basi upige teke!" Mwongozaji alisema. "Mfungwa wa kweli angepiga teke."

"Mfungwa wa kweli? Mshenzi wewe! Mlango huu nimeutengeneza kwa mikono yangu. Kapige teke mlango wa mama yako!"

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Hakuwa shangazi. Alikuwa mama mwenyewe, macho mekundu.

"Kumbe mdomo unao! Siku ile nilikuona dirishani, saa nzima umesimama kama nguzo. Hodi hupigi, mlango husukumi, halafu huyo, ukaenda zako! Nimekukosea nini mimi?"

"Mama, nilikuwa nasubiri kufunguliwa."

"Ufunguliwe na nani? Komeo nililing'oa wiki ileile waliyokuchukua!"

"Safi sana, endeleeni," Mwongozaji alinong'ona.

"Koma!" Mama alimtazama mwanawe, kisha akaurudishia mlango usoni pake. "Haya," sauti ilitoka ndani. "Ingia mwenyewe."

Mikono ya Randa ilikuwa bado nyuma. Akaung'oa mmoja kwa nguvu, kama anayeng'oa msumari wenye kutu, akausukuma mlango.