Tisheti ya Mwalimu Élysée

Rébecca alipuliza makaa ndani ya pasi mpaka yakawa mekundu, akalowesha kidole na kugusa chuma. Kilitoa mlio mfupi. Pasi ilikuwa tayari. Juu ya meza ya kulia, nyumbani kwao Bungulu, mtaa wa Beni, alitandaza tisheti nyeupe ya pamba, akaweka juu yake karatasi yenye sura ya Élysée, wino chini, akaishikisha kwa utepe wa skochi, halafu akakandamiza kwa mikono miwili. Hakuburuta pasi kama mtu anayenyoosha suruali. Aliiweka, akailalia kwa uzito wake, akaiinua, akaiweka pembeni kidogo. Ukiburuta, marehemu anapata pua mbili.

Wino wa aina ile ukipata moto haugeuki maji. Unatoka kwenye karatasi kama moshi na kuingia ndani ya nguo. Kwenye nailoni unakaa mpaka nguo inazeeka. Kwenye pamba hauna pa kushika, na kufua mara moja kunauondoa wote. Kwa sababu hiyo wachapaji wa Butembo hawataki kusikia habari ya pamba. Lakini Beni kuna joto, na wamama wa Beni walikataa kulia wafu wao ndani ya nailoni. Halafu waliona kitu ambacho Rébecca mwenyewe hakukipanga. Siku ya kutoa matanga, walipopeleka nguo za kilio kwenye kijito kuzifua, sura ya marehemu ilitoka taratibu pamoja na povu, ikaenda na maji, nao wakarudi nyumbani na tisheti nyeupe. Walisema hiyo ndiyo heshima. Tangu siku ile walikuja kwake tu, na miaka ile ya mauaji ya mapanga kazi haikukosekana.

Élysée alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa Mama Emérence, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Siku moja ya likizo alienda kuvuna kakao kwenye shamba lake, nyuma ya kambi ya askari, na hakurudi. Kapiteni Octave, aliyetumwa kutoka mkoa wa mbali kuongoza kambi ile, alitangaza mbele ya watu kwamba mwalimu alikutwa pamoja na waasi, akaanguka katika mapigano, na kwamba maiti ya muasi hairudishwi kwao. Mama Emérence aliomba maiti ya mtoto wake. Hakuomba kitu kingine. Alipokataliwa, alifanya kilio bila sanduku, na siku ya kutoa matanga alishuka kijitoni pamoja na jamaa yake.

Sura za tisheti za wengine zilitoka vizuri. Ile ya Mama Emérence haikutoka.

"Rébecca, wino hii uliitoa wapi?" aliuliza Orpa, mdogo wake Mama Emérence, akisugua.

"Iko ile ile ya Kampala, Mama Orpa."

"Mais haitoke."

"Sugua tena."

Orpa alisugua tena. Picha ambayo Rébecca aliichapa iliishia kifuani, lakini sasa mabega yalishuka yakawa mikono, na mikono ilikuwa imepelekwa mgongoni.

"Anaongezeka," alisema Orpa.

Mama Emérence alisogea, akaangalia bila haraka. "Njo yeye, ndiye kabisa. Angalia kile kidole alijikataka tukiwa mu shamba. Na hapa bamemufunga na raba ya pikipiki."

"Njo raba ya pikipiki," Orpa alikubali.

Waliitandaza tisheti kwenye majani ikauke, wakala fufu na sombe. Rébecca alipomaliza kula alienda kuitazama peke yake. Hakuona ukungu wala pua mbili, na hata mistari ya raba ungeweza kuihesabu. Katika maisha yake hakuwahi kutoa kazi safi namna ile. Aliinua kichwa na kurudi kukaa kwa wamama.

Mama Emérence aliifua tena Jumamosi, kwa sababu alitaka kuivaa misa. Pembeni ya Élysée vilitokea viroba vya kakao, na juu ya kiroba kimoja alikaa Kapiteni Octave na chupa ya bia, akicheka na mtu ambaye bado alikuwa nje ya kitambaa. Pale kanisani watu walisogea kwenye benchi ili kila mmoja aone vizuri.

Kapiteni naye alikuwa Mkristo, na misa hakuikosa. Walipotoka alisimama mbele ya Mama Emérence, akavua kofia.

"Mama, huyu ni miye?"

"Njo weye, mon commandant."

"Nani alipiga hii photo?"

"Hapana mutu. Ilikuya na sabuni."

Kapiteni aliinama. "Nimetokea munene."

"Mon commandant," alisema Rébecca, ambaye maneno hayo yalimchoma, "kazi yangu hainenepeshake mutu. Inatoa mutu vile iko."

Wamama walicheka. Kapiteni alicheka pia kidogo.

"Miye ninaomba mutoto yangu," alisema Mama Emérence. "Muasi gani anapigana na mikono mu mugongo?"

"Ninaona, mama. Iko clair kabisa. Mais rapport ilishaendaka Kinshasa." Alivaa kofia, akawatakia Jumapili njema, akapanda jipu lake.

Baada ya hapo picha ilifika kwenye pindo la tisheti na ikakosa nafasi. Rébecca hakutaka kazi yake ikatwe katikati. Alichukua kipande cha pamba nyeupe, akakishonea chini, bila kuchapa kitu juu yake. Walipofua, picha ilishuka ikaingia. Ilionyesha mistari ya kakao, jiko la askari na moshi wake, na nyuma ya jiko udongo uliochimbwa na kufukiwa.

Hivyo ndivyo Mama Emérence alivyojua mahali. Siku iliyofuata alivaa tisheti yake, ambayo sasa ilimfika magotini, akaenda mpaka barrière ya kambi, ule mti uliofunga njia.

"Mama, zonga," alisema askari wa zamu, kwa Lingala, akimwonyesha njia ya kurudi.

Mama Emérence alinyanyua pindo. Askari alichuchumaa, akaangalia.

"Ee. Njo pale, nyuma ya jiko yetu. Tunapitaka pale kila siku tukienda kuteka maji."

"Basi unipitishe, mwana."

"Hakuna ruhusa, mama. Ungetuletea ruhusa, miye mwenyewe ningekubebea jembe."

Mama Emérence alimwambia wasingya, ndiyo asante ya kwao, akaenda kutafuta ruhusa. Hakuipata. Akarudi na kiti kidogo, akakaa kando ya barrière, na kesho yake akakaa tena. Kila alipofua, Rébecca alishona kipande kingine, na picha ilisonga mbele ikifuata njia ya kutoka kambini. Tisheti ikawa kanzu, kanzu ikawa na mkia kama wa bibi arusi, na Orpa aliubeba mkia ule ili usiguse matope. Wenye pikipiki walipunguza mwendo wakipita. Wanafunzi wa Élysée, wakitoka shule, walijipanga mbele ya mama wakasema, "Bonjour, monsieur," na Mama Emérence aliwaitikia kwa niaba yake, mgongo umenyooka.

Kapiteni Octave akawa major, akapewa kambi kubwa zaidi. Aliyekuja mahali pake alimzunguka Mama Emérence pole pole, akasoma nguo yote kuanzia shingo mpaka mkiani, akauliza ni nani aliyechapa. Rébecca aliletwa. Yule mkubwa alimpa mkono mbele ya askari wote, akasema hata Kinshasa hajaona kazi kama hiyo. Rébecca alijibu kwamba anajua. Halafu mkubwa akaagiza barrière ibaki imefungwa.

Mwanzoni mwa mvua kipande kipya kilitoka majini na njia yote juu yake, mpaka barrière. Mti wa barrière ulikuwa umelala katikati ya njia, umefungwa kwa kamba, na kamba ilikuwa na fundo lile lile la askari. Upande wa huku wa mti alikuwako Mama Emérence.

Macho yake yalikuwa yamepungua, kwa hiyo pale kando ya barrière alimwuliza Rébecca.

"Nimetokea?"

"Umetokea, Mama."

"Nimeikala?"

Rébecca alisogeza kitambaa kwenye mwanga. "Hapana. Umesimama. Unaangalia kule kwake."

"Na yeye?"

"Kule kwa juu, na mikono yake mu mugongo. Anaangalia huku."

Mama Emérence alipitisha kiganja juu ya nguo, kutoka chini mpaka shingoni, kama mtu anayelainisha kitanda cha mgeni. Nyuma yao askari walikuwa wanabadilishana zamu, na yule wa zamani alikuwa anamwambia mpya: huyu ni mama wa mwalimu, mwalimu yuko ndani, nyuma ya jiko, mama hana ruhusa.

"Rébecca," alisema Mama Emérence.

"Mama."

"Pamba iko ingine?"

"Iko."

"Basi shona."