Wiki ya Maji Meupe

Wanawake wa bondeni walikuwa wakihesabu siku kwa rangi ya mto wetu. Bluu ilikuwa Jumatatu, nyekundu Jumatano, kijani Ijumaa. Ukimwuliza mmoja wao atakurudishia lini sufuria yako, anakujibu, "Siku ya nyekundu," wala hacheki. Rangi hizo nilizipika mimi, katika kiwanda cha vitambaa cha kaka yangu. Kila jioni nilifungua koki, mabaki ya mapipa yakateremka mtoni, nami nikasimama kuyatazama kama mtu anayeota macho wazi. Yalipendeza, nisiseme uongo.

Kaka alikuwa mzee wa kanisa. Paa jipya alitoa yeye, kinanda alitoa yeye. Akisimama kushuhudia, alisema Mungu hapendi kuona wanawe wakitembea na viraka, na waumini wakaitika amina, hasa wenye viraka. Mchungaji alihubiri mengine. Alisema dunia hii sisi ni wapangaji tu, mwenye nyumba yupo, na siku akija atakagua mpaka mifereji. Kaka aliitika amina hapo pia. Alikuwa na amina za kutosha.

Basi bintiye wa mwisho, tuliyezoea kumwita Kitinda, akataka kubatizwa. Kaka alijitolea kujenga kisima cha ubatizo, cha vigae, ndani ya kanisa. Kitinda akakataa.

"Mama alibatizwa pale kwenye kona ya mto," alisema. "Na mimi nitazamishwa pale pale, baba."

Mama yake alikuwa marehemu, na kona ile aliingia kabla kiwanda hakijajengwa. Kaka hakuwahi kumnyima mtoto huyo kitu. Akafunga kiwanda wiki nzima ili mto usafike.

Wiki ile sijui niiite nini. Mashine zilinyamaza, tukaanza kusikia vitu tulivyovisahau: ndege, miguu ya watu njiani, maji yenyewe. Jumatatu ikapita bila bluu. Kufikia Jumatano mto ulikuwa mweupe, mawe yakaonekana chini, na watu wakatoka majumbani kuja kuyatazama, wamekaa ukingoni kimya kana kwamba wamealikwa. Mama mmoja wa bondeni alinitania, "Shangazi, leo siku gani? Umetupotezea kalenda." Tukacheka mpaka akaweka ndoo chini. Usiku niliota natembea ndani ya kitambaa kirefu kisicho na rangi, kinanipapasa uso, na sikuona mwisho wake wala sikuutafuta.

Ijumaa kaka akaniita. Mapipa yaoshwe, Jumatatu kazi inaanza. Mapipa huoshwa kwa soda kali, ile ya viwandani inayounguza ngozi. Ikishayeyuka haina rangi wala harufu, ina utelezi tu kama wa sabuni, lakini fundi wetu mmoja ilimrukia tone moja tu, na jicho lake la kushoto halijaona tangu siku hiyo.

"Kaka, soda hiyo itakwenda wapi?" nilimwuliza.

"Iende inakokwenda siku zote."

"Na ubatizo wa Jumapili?"

"Maji yanatembea, mdogo wangu. Mpaka Jumapili yatakuwa mbali. Tena, nani ataona?"

Nilitaka kumwambia kwamba pale kwenye kona maji hayatembei, yanazunguka tu na kutulia. Sikumwambia. Mimi ni mjane, nalala kwenye nyumba yake, nakula kwa kazi yake, na nilimwogopa. Nikafungua koki. Safari hii hapakuwa na cha kutazama, maji yaliteremka meupe kama yaliyotangulia, nikafunga koki nikaondoka.

Jumapili kanisa zima lilikuwa ukingoni. Waliimba kwamba Mungu ameusafisha mto, na kaka akasimama mbele, suti imemkaa, akipokea pongezi kana kwamba muujiza ni wake. Mchungaji alikuwa majini, maji yamemfika magotini. Kitinda, katika gauni jeupe, alishaingia hatua tatu.

Mimi nikainama, nikachovya mkono. Nikasugua vidole. Viliteleza kama nimeshika sabuni.

Hapo sikuota tena. "Mtoeni!" nilipiga kelele. "Maji yana soda! Nimeimwaga mimi!"

Nyimbo zilikatika. Kaka akanijia akitabasamu, meno ameyabana. "Dada, usituaibishe. Maji ni meupe, kila mtu anaona."

Hasira niliyoimeza miaka kumi na moja ya kupika rangi ilinipanda. Yule mama wa bondeni alikuwa karibu nami, kikombe kwenye ndoo yake. Nikakichukua, nikachota mtoni, nikamnyooshea kaka.

"Kama ni safi, kunywa."

Akakipokea. Nadhani alikusudia kunywa, alikiinua mpaka karibu na midomo. Kitinda alikuwa amegeuka, anamtazama. Kisha kaka akakishusha kikombe, maji yakamwagikia kiatu chake, akapiga magoti kwenye matope.

"Mtoeni mwanangu," alisema. "Mtoeni mwanangu majini."

Mchungaji akamtoa Kitinda upesi. Wanawake walimmiminia miguuni maji ya bomba waliyokuwa wamebeba ya kunywa, na nilimshukuru Mungu kwa sauti, maana macho yake yalikuwa mazima.

Mama wa bondeni hakusogea. Ndoo yake ilikuwa imejaa, ameichota asubuhi hiyo pale pale, kama anavyochota siku zote, za bluu, za nyekundu na za kijani. Nyuma yake wanawe wanne walikuwa wamejipanga na madumu yao.

"Na wangu, mzee?" alimwuliza kaka, tena kwa upole. "Wangu wanatolewa na nani?"

Kitinda akawaponyoka wanawake waliokuwa wakimfuta. Alikwenda, gauni linachuruzika, akasimama ubavuni mwa yule mama, akamgeukia baba yake, akangoja jibu pamoja naye.