Watu Mia Walioulizwa Kuhusu Pilau

Usingizi wa jana ulinitoa kwangu Korogwe, ninakofundisha shule, nikaota niko Uingereza, kwenye studio ya televisheni. Pembeni yangu amesimama dada yangu mkubwa, Hidaya. Hatujasemezana tangu harusi ya binamu yetu, niliposema mbele ya wakwe kwamba pilau lake ni bichi.

Mtangazaji ni mwavuli mweusi. Unasimama wenyewe, unakohoa.

"Mchezo huu ulizaliwa Marekani," unaeleza. "Ulipofika hapa ulikuwa na makelele. Tukauvua kofia, tukaufundisha kupanga foleni. Sasa ni Mwingereza."

Kanuni ni rahisi. Watu mia wameulizwa swali. Familia inakisia wengi walijibu nini. Makosa matatu, mnatolewa.

"Taja sababu ya pilau kuwa bichi," unasema mwavuli.

Nabonyeza kitufe.

"Hata hodi hakuna, mwalimu?" kinauliza kitufe.

Nabisha hodi, nakaribishwa. "Mpishi," najibu. Hidaya anageuza uso.

"Hayumo," unasema ubao wa majibu. Alama nyekundu ya kosa inashuka kutoka ubaoni na kunikalia begani, nzito kama gunia la mahindi.

"Mlaji mwenye haraka," anajibu Hidaya. Naye anakaliwa na kosa lake.

Sasa studio imekuwa jiko la Hidaya. Wale watu mia wamejazana humo, wengine wamekaa darini miguu ikining'inia. Namwinamia mama mmoja aliyekalia mbuzi ya kukunia nazi. "Mlijibu nini?"

"Haturuhusiwi kusema," ananong'ona. "Ila tuna njaa."

Mwavuli unakohoa tena. "Jibu la mwisho. Familia ijibu kwa mdomo mmoja."

Papo hapo mdomo wangu unatoweka. Napapasa, nakuta kidevu kinaendelea hadi puani. Umebaki mmoja tu, nao uko usoni kwa Hidaya.

Nikaogopa. Angeweza kusema lolote, na lingekuwa langu pia. Angeweza kunitukana kwa niaba yangu. Alinitazama kwa muda mrefu, begani kosa lake likimwelemea, nami nikawa sina cha kumpa ila macho.

Mdomo ukafunguka. Kwanza ikatoka sauti yangu: "Nisamehe, dada. Nilikuaibisha."

Kisha yake, polepole: "Kuni mbichi. Nilijua tangu asubuhi, nikaona haya kwenda kuazima."

Watu mia wakasimama. Ubao ukaanza kugeuka kutuonyesha, ukilia kama lango lenye kutu. Ukafika nusu.

Nikaamka. Kulishakucha. Nikajishika mdomo, ulikuwepo. Kabla haujapotea tena, nikampigia Hidaya simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Nikamsikia akivuta kigoda aketi. "Hivi, mdogo wangu," akauliza, "tulishinda?"