Pini Mdomoni

...na mkono wa kushoto wa shati ufunguke wote, dada, kuanzia begani, anasema mdogo wangu, manesi wasihangaike kunivua, naitikia mm, pini zimejaa mdomoni na fundi mwenye pini mdomoni haulizwi kitu, ndiyo maana sijazitoa tangu aingie, futi inazunguka kifua chake na kubaki ndefu, kifua cha Pipa hicho, ndivyo mtaa ulivyomwita, na mimi dada wa Pipa nikawa Tangi, tukacheka, sisi ni watu wa mwili, alisema marehemu mama huku akituongezea, kuleni, mwili haujengwi kwa matofali, na kweli ukajengeka, ghorofa juu ya ghorofa, nani alituambia kuwa humo ndani kuna vitu viwili visivyozidi ngumi vinachuja damu ya jengo zima bila msaidizi... inua mkono, namwonyesha kwa ishara... presha ikamjia Pipa, kisukari kikafuata, halafu miguu ikavimba na watu wakamwambia umenawiri, bwana, maisha yamekukubali, naye akashukuru, mimi mwenyewe nikampanulia suruali nikasema hongera, Mungu anisamehe suruali ile... sasa kila baada ya siku mbili amelala kando ya mashine, damu inatoka, inasafishwa, inarudi, lakini si kwa muda mrefu, anasema, nikishapata figo yako shati hili tutadekia sakafu, figo ya fundi bwana, ikichanika inajishona yenyewe, anacheka, na mimi mm, mm, asubuhi daktari hakucheka, alisema hatuwezi kukutoa figo, mama, nikasema si mlisema damu zetu zimelingana, zimelingana, akasema, ila mkojo wako unapitisha protini, uzito umezichosha figo zako miaka mingi, tukitoa moja itakayobaki itashindwa, nikamwambia mbona siumwi popote, akasema hata mdogo wako hakuumwa, akaongeza, ukipunguza mwili na ukinywa dawa zinaweza kudumu, lakini ni za kukutosha wewe, za kumpa yeye hapana... dada, mbona leo kimya hivyo, mm, namwonyesha pini... nami nilijiona nimebeba akiba, mwili wote huu, wakikata kipande nani ataona pengo, kumbe ghala kubwa na ndani hamna kitu, naogopa, naogopa kwa ajili yake na, aibu yangu, naogopa kwa ajili yangu... nashika mkono wake wa kushoto, mshipa waliouunganisha kwa ajili ya sindano za mashine unatetema chini ya ngozi, unagonga kidole changu, na jicho la fundi halina adabu, tayari limehamia kwenye kitambaa pale mezani, linaona kinachobaki, kinatosha shati la pili, pana, la kike, mkono wa kushoto unafunguka kuanzia begani, hapana, nalirudisha jicho, linakwenda tena... hivi daktari amekupa tarehe, dada, anauliza, mkono wake bado umenyooka hewani unanisubiri, na mimi nazisogeza pini kwa ulimi, moja moja, nazipanga shavuni, nitafute pa kupitishia neno.